Maswali yenu: glezi inapasuka, wino unatapakaa, kadi zinashikana

Mbukwenyi wasomaji wetu. Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote ni ya kitu kimoja, ile gundi angavu ya kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, ambayo ukiidondosha juu ya karatasi inakauka ngumu, imevimba kidogo na inang'aa. Mnazoniandikia ni Diamond Glaze, Glossy Accents na ile Dimensional Magic ya Mod Podge, wengine mna chupa ambazo hata jina lake halisomeki, ili mradi ni gundi ya maji tabia zao zinafanana sana, so hapa nitaziita glezi zote tu twende. Maswali nimeyafupisha mnisamehe, kuna mmoja aliweka na mgogoro wa ukoo ndani yake.

Dada Fundi habari za kazi. Nilihamia huku Dodoma na ofisi nikitokea Dar, jioni nikitoka kazini natengeneza albamu za watoto na kadi za birthday. Kule Dar glezi nilikuwa naipaka usiku asubuhi naikuta bado inanata kidogo, ila ikija kukauka inakuwa safi kabisa. Huku nusu saa tu juu imeshakuwa ngumu, alafu kesho yake nakuta mipasuko kama tope la bwawa lililokauka. Chupa ni ileile. Je imeharibika? (Mtumishi, Ilazo)

Chupa yako nzima kabisa, kilichobadilika ni hewa. Glezi ni maji yenye chembechembe za plastiki ndani yake, maji yakiondoka zile chembe zinashikana zinakuwa kitu kimoja, ndo maana inakuwa ngumu na ndo maana inanywea kidogo ikikauka. Dar hewa ina unyevu mwingi kwahiyo maji yanatoka taratibu, ya juu na ya ndani yanakwenda pamoja. Huku tuko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo ni ukavu na upepo, sasa we ukimwaga glezi nene mwezi wa nane na dirisha liko wazi, juu inafunga utando fasta wakati chini bado mbichi. Baadae ya chini nayo inaanza kunywea, ule utando wa juu umeshakuwa mgumu hauwezi tena kuifuata, lazima upasuke.

Kwahiyo paka nyembamba mara mbili, usipake nene mara moja. Tuseme unang'arisha ua la manila. Karatasi iwe bapa mezani, sio mapajani huku unaangalia tamthilia. Tone la kwanza liminye kwenye karatasi ya kutupa maana hilo ndo mara nyingi linatoka na hewa. Alafu chora mstari kuzunguka ukingo wa petali, mdomo wa chupa uwe ndani ya glezi yenyewe bila kukwaruza karatasi, na ukifika kwenye kona geuza karatasi sio mkono. Mzunguko ukikamilika ndo unajaza katikati, utaona inajivuta yenyewe mpaka kwenye ule mstari inasimama pale, haimwagiki. Ukiona kiputo kitoboe na pini hapohapo, ukisubiri dakika kumi kwa hali ya hewa yetu utando umeshafunga na ukitoboa utaacha shimo. Iache mpaka kesho, ukiona bado unataka ivimbe zaidi paka tena juu yake.

Na funika jamani. Chukua boksi la kadibodi lifunike juu ya kazi, chini ya ukingo mmoja weka penseli ili hewa ipite kidogo. Hapo unakuwa umechelewesha kukauka na umezuia vumbi kwa wakati mmoja, vumbi la huku umeshalijua mwenyewe, likitua kwenye glezi mbichi halitoki tena. Feni zima. Drai ya nywele nayo hapana, wengi wanaikimbilia wakiwa na haraka alafu joto linaivimbisha ile hewa iliyojificha ndani unabaki na viputo kila mahali.

Zilizopasuka usizitupe. Kama mipasuko ni myembamba pitisha glezi mpya kidogo kwa brashi, itaingia kwenye nyufa na nyingi zitapotea.

Mambo dada, mi niko UDOM mwaka wa pili, natengeneza kadi za mahafali nawauzia madenti wenzangu. Jina la mhitimu naprinti kwa printa ya rafiki yangu alafu napaka glezi juu ili lijitokeze. Shida jina jeusi linageuka zambarau linatapakaa. Ninunue glezi gani isiyofanya hivyo? (Mjasiriamali mdogo, UDOM)

Poa mdogo wangu. Usinunue glezi nyingine, badilisha printa. Hiyo ya rafiki yako bila shaka ni inkjeti, yani ile ya wino wa maji, na nyingi wino wake ukikutana na maji tena unayeyuka, wewe juu yake unamwaga gundi ya maji, unategemea nini? Na ule weusi mara nyingi ni rangi kadhaa zimechanganywa, zikilowa zinaachana ndo unaona zambarau.

Nenda steshenari yoyote yenye printa ya leza au mashine kubwa ya kutoa kopi. Ule wino wao ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto ukagandishwa kwenye karatasi, maji hayaufanyi kitu. Hujui printa ni ya aina gani? Lowesha kidole, sugua herufi moja pembeni. Ikichafua kidole usithubutu.

Jaribio hilohilo lifanye kwa kila kitu utakachokifunika na glezi, mihuri, jeli peni, maka peni. Maka peni zile zisizofutika kwa kawaida haziyeyuki kwenye maji, penseli za rangi hazina shida, jeli peni ni bahati nasibu, kuna zinazotulia na kuna zinazokimbia. Kama huna namna zaidi ya inkjeti, tafuta vanishi ya kupuliza, simama nje upepo ukiwa umetulia, puliza kwa mbali mara mbili tatu nyepesi, iache ikauke kabisa ndo upake glezi. Usipake kwa brashi maana brashi ndo inausambaza wino.

Kitu kingine sijaona umeuliza ila nadhani kipo, unaprinti kwenye A4 ya kawaida. Ile karatasi ni nyembamba, ikinywa maji ya glezi inajikunja kingo zinainuka. Print kwenye manila, au jina likate kwanza uligandishe kwenye manila likauke ndo upake glezi. Na ikijikunja usiipasi, iache ikauke kabisa alafu ilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja.

Kila nikitumia natikisa chupa vizuri kama dawa ya kikohozi lakini bado viputo. Na mdomo unaziba. (Mama wawili, Nkuhungu)

Viputo unavitengeneza mwenyewe mama, usitikise kabisa. Chupa ihifadhi kichwa chini kwenye kikombe ikiwa imefungwa, hewa inapanda juu kwenye kitako na glezi inakuwa mdomoni tayari. Mdomo ukimaliza ufute na kitambaa kibichi kabla ya kufunga, na ukitaka kuweka pini isizibe iwe ile isiyoshika kutu, ya kawaida itaacha kutu na glezi yako itatoka na rangi ya chai.

Mimi ni mstaafu, naishi Kondoa. Wajukuu wananitengenezea albamu ya familia na wamenunua hiyo gundi inayong'aa. Wanataka kuipaka juu ya picha za zamani za studio, nyeusi na nyeupe, ikiwemo ya marehemu baba yangu ambayo ni moja tu. Wanasema itazihifadhi. Mimi moyo unasita. (Babu, Kondoa)

Shikamoo babu. Wazuie leo hiihii, wasisubiri hata gazeti limalizike kusomwa.

Picha za zamani za studio taswira yake haiko kwenye karatasi yenyewe, iko ndani ya tabaka jembamba la jelatini lililopakwa juu ya karatasi. Jelatini ikikutana na maji inavimba na kulainika, na ikiwa laini inashika chochote kinachoigusa, kidole, plastiki, picha nyingine. Sasa ukiipaka gundi ya maji juu yake unailowesha, unaivimbisha, alafu gundi inakauka ikiwa imeshikana nayo inavutana nayo. Baada ya hapo hakuna fundi wa kuzitenganisha. Inaweza kutoka vizuri siku ya kwanza wajukuu wakapiga makofi, lakini picha ni moja tu babu, haifanyiwi majaribio.

Wafanye hivi. Picha zote za zamani ziskaniwe, na kama skana haipo basi zipigwe kwa simu mchana kwenye kivuli, kibarazani panatosha, flashi imezimwa, picha imelazwa bapa na simu iko juu yake sawasawa isiwe imeinama. Alafu wazitoe kopi za karatasi kwa studio au steshenari yenye leza. Hizo kopi ndo wazipambe wanavyotaka, na hata hapo mi ningewaambia glezi wasiipake juu ya sura ya mtu, ule mng'ao unapiga taa mtu anashindwa kuona uso. Ipakwe kwenye maua ya pembeni, kwenye herufi za jina, au kwenye fremu ya karatasi. Kuna pambo moja zuri sana kwa albamu za wazee, vile vioo vidogo vya mviringo vilivyo bapa chini na vimevimba juu: unaweka tone moja la glezi katikati ya kopi ndogo ya picha, unakiweka kioo juu na kukibonyeza taratibu mpaka glezi itawanyike ifike ukingoni ikisukuma hewa nje, ikishakauka sura inaonekana imekuzwa. Kopi iwe ya leza tafadhali, nimeshasema juu hapo kwanini.

Picha zenyewe halisi zikae kwenye kona za karatasi, zile pembetatu ndogo nne ambazo picha inachomekwa bila tone la gundi, au kila moja kwenye bahasha ya karatasi ndani ya boksi, mbali na jua. Ukavu wa kwetu huku kwa picha ni neema, fangasi wanapenda unyevu. Kama kuna ambazo ziko kwenye zile albamu za zamani zenye kurasa za kunata na plastiki juu, zitoe pole pole, ile gundi ya kurasa inachafua picha kadiri miaka inavyokwenda. Ikigoma kutoka usivute kona, pitisha uzi mwembamba wa kushonea chini yake huku unauvuta kulia kushoto mpaka ipite upande wa pili. Iliyoganda kabisa iache hapohapo uipige picha hivyo hivyo.

Na babu, kaa na hao wajukuu uwatajie majina ya wote waliomo, waandike nyuma ya kopi kwa penseli wala wasikandamize. Albamu nyingi ninazoletewa zina mapambo ya kila aina na nikiuliza huyu nani, kimya.

Nilikuwa na oda ya kadi za harusi 150, herufi za maharusi nimezipaka glezi zimetoka tamu balaa. Nikazipanga kwenye boksi usiku uleule, kesho yake boksi limekaa kwenye gari juani pale stendi ya Nanenane karibu mchana mzima. Kufika kwa mteja zimeshikana mbilimbili, nyingine zimechanika tukizitenganisha. Nilizishika zilikuwa kavu dada! (Fundi kadi, Chang'ombe)

Pole shoga, hiyo inauma hasa ukikumbuka na balansi haijalipwa.

Kavu kwa kidole na kavu ya kweli ni vitu viwili. Juu ilikuwa kavu ndani bado, na hata ile iliyokauka kabisa ni plastiki, ikipata joto inalainika kidogo, sasa weka kadi mia na hamsini moja juu ya nyingine, uzito unabonyeza, ndani ya gari lililofungwa juani, uso wa glezi unatazamana na uso wa glezi. Zitaacha kushikana zina kazi gani nyingine? Oda za namna hii jipe siku mbili za kukausha baada ya kupaka ya mwisho, alafu kati ya kadi na kadi weka kipande cha karatasi ya kuokea keki, ile isiyonata. Karatasi ya kawaida usiweke, nayo itashika iache nyuzi zake pale. Kwenye boksi zisimamishe kama vitabu kwenye shelfu, usizilaze.

Zilizoshikana kabla hujazivuta ziache zipoe. Weka kwenye mfuko wa plastiki uufunge, uuingize kwenye friji saa moja hivi, glezi ikiwa baridi inakuwa ngumu, ukiikunja kadi kidogo inaweza kuachia yenyewe. Sio zote zitapona ila nyingi zinaokoka.

Alafu niongeze la biashara. Kwa oda kubwa usipake ua zima na herufi zote, paka herufi mbili za mwanzo basi. Sikuhizi mialiko mingi inatumwa WhatsApp, kadi ya karatasi anapewa mzee, mchungaji au shehe, bosi na ndugu wa kuheshimiwa, wao wanataka kadi safi isiyochafua mikono. Glezi kidogo ndo inaonekana ya bei, ikizidi kadi inakuwa nzito mpaka bahasha inatuna.

Nimetengeneza kadi yenye dirisha la plastiki, nikagandisha plastiki juu ya plastiki na glezi katikati ili glita zibaki ndani. Wiki ya pili sasa katikati bado kuna ukungu mweupe. (Msomaji, Singida)

Na utaendelea kuwepo. Maji yanahitaji pa kutokea, plastiki hainywi maji na kioo hakinywi, umeyafungia ndani yanatoka kwa kupitia ukingo tu. Sheria ya glezi ni upande mmoja lazima uwe unaopitisha, karatasi, manila, kitambaa, mbao. Fungua hiyo, paka glezi kwenye plastiki moja tu, mwagia glita ikiwa bado mbichi, iache wazi ikauke mpaka ukungu uishe, alafu plastiki ya pili ishikilie kwa gluteepu ya pande mbili kuzunguka ukingo. Usijaribu supa gluu kwenye plastiki ya kuona ndani, mvuke wake unaacha weupe pembeni usiofutika.

Hereni za karatasi na vishika funguo, napaka glezi nauza Nyerere Square wikiendi. Mteja amerudisha anasema amenawa uso hereni zimekuwa nyeupe zinanata. (Kijana wa hereni, Area C)

Mrudishie hela yake maana ana haki. Glezi nyingi za maji hata zikikauka hazizuii maji, zikilowa zinarudi kuwa na ukungu na kulainika, na jasho la shingoni ni maji pia. Glezi ni ya vitu vinavyokaa kwenye karatasi, kadi, albamu, fremu. Kitu cha kuvaa au cha kukaa mfukoni na funguo tumia resini ya epoksi, ile ya chupa mbili unazochanganya, ila hiyo ni kazi nyingine kabisa, glavu, dirisha wazi, kipimo kama ilivyoandikwa kwenye chupa bila kukadiria kwa macho, na karatasi uizibe kwanza pande zote kwa gundi nyeupe tabaka mbili la sivyo resini itaingia kwenye karatasi iache madoa ya kama mafuta. Vishika funguo ulivyobaki navyo vipulizie vanishi isiyopitisha maji juu ya glezi iliyokauka, ila mwambie mteja ukweli kwamba visiloweshwe.

Nafundisha darasa la nne, tuna kipindi cha sanaa. Nimeona hizo kazi za kung'aa nikazipenda lakini chupa ya glezi ni ya kuagiza Kariakoo na nina watoto zaidi ya hamsini. Mwenzangu kaniambia rangi ya kucha isiyo na rangi inafanya kazi ileile. (Mwalimu, Mpwapwa)

Inang'aa kweli mwalimu lakini usiipeleke darasani. Ina harufu kali ya vimumunyisho na inashika moto haraka, watoto hamsini kwenye chumba kimoja hapana. Na ina kituko chake, yenyewe inayeyusha wino wa leza, ule ambao glezi haiuwezi, kwahiyo picha ya kutolewa kopi itachafuka vilevile.

Tumia gundi nyeupe ya kawaida, ile ya mbao au ya shule. Ikiwa mbichi ni maziwa ikikauka inakuwa angavu. Haitavimba kama glezi na mng'ao wake ni wa chini kidogo, itabaki laini kidogo pia, ila kwa kazi ya watoto inapendeza mno. Wapake nyembamba kwa brashi, ikauke, wapake tena, mara tatu inatosha. Wanaotaka tone la umande kwenye jani wachovye kijiti cha meno kwenye gundi wadondoshe tone moja tu, waweke juani mpaka likauke bila kuligusa, hapo pa kutoligusa ndo utakuwa na kazi. Kama wanachora, wachore kwa penseli za rangi, rangi za maji zitatapakaa. Brashi zioshwe kwenye ndoo ya maji kabla kengele haijagonga, gundi ikishakaukia kwenye brashi hiyo brashi imebaki kijiti.